Mombasa Kwenye Lebo: Kisiwa Kilichopitiwa na Wataalamu wa Viumbe

Mibuyu ya Kizingo, ile iliyojipanga kando ya barabara ya Mama Ngina ikiutazama mlango wa Kilindini, ina jina rasmi katika vitabu vya sayansi: Adansonia digitata. Anayekumbukwa hapo ni Michel Adanson, karani Mfaransa wa kampuni ya biashara, aliyeshuka Senegal mwaka 1749 akiwa na umri wa miaka 22. Alikaa huko zaidi ya miaka minne, akajifunza Kiwolofu, akazunguka na wenyeji kuipima mibuyu na kukisia umri wake. Carl Linnaeus wa Sweden akauidhinishia mti huo jina la kijana yule. Adanson hakuwahi kukanyaga Mombasa. Mibuyu yetu ilibatizwa kwa jina lake kwa sababu mti ni ule ule, na mtu aliyeuandika kwa kirefu alikuwa upande wa pili wa bara.

Sasa, Mombasa ilishikwa na Wareno kuanzia ujenzi wa Ngome ya Yesu mwaka 1593 hadi Waomani walipoitwaa Desemba 1698. Ni zaidi ya karne nzima, na ndiyo karne ambayo Wazungu waliotumwa katika makoloni ya mbali walianza kuandika habari za mimea na wanyama kwa bidii isiyowahi kuonekana kabla yake. Goa ilikuwa imekwisha kumpata tabibu Garcia de Orta hata kabla ya ngome hiyo. Ambon, katika visiwa vya karafuu vya Indonesia, ilikuwa na Georg Rumphius. Suriname ilimpata Maria Sibylla Merian, mwanamke wa makamo aliyesafiri mwaka 1699 na binti yake kwenda kuchora vipepeo na viwavi wao. Mombasa, bandari yenye umaarufu kuliko zote katika pwani yake, haikumpata hata mmoja. Kwa nini?

Jibu rahisi ni kwamba hapakuwa na kitu cha kuandika. Jibu hilo halisimami hata dakika moja.

Ibn Battuta alilala usiku mmoja tu katika kisiwa hiki mwaka 1331, na usiku huo mmoja ukamtosha kuandika habari za ndizi, ndimu na tunda la zambarau, alilolifananisha na zeituni kwa umbo na kulisifu kwa utamu. Aliona pia kwamba nafaka hailimwi kisiwani, huletwa kutoka bara, na kwamba chakula cha watu ni ndizi na samaki. Mreno Duarte Barbosa, katika miaka ya 1510, alitaja bustani za machungwa matamu na machungu, malimau, makomamanga, na kondoo wenye mikia minene ya mafuta. Mji ulikuwa na bustani zake na watu wake waliojua kila mti una kazi gani.

Mfano mkali zaidi ni wa Vasco da Gama. Miezi michache kabla ya kufika hapa, katika mto mmoja wa Msumbiji, mabaharia wake wengi walishikwa na kiseyeye: mikono na miguu kuvimba, ufizi kuota hadi kufunika meno. Tarehe 7 Aprili 1498 wakatia nanga nje ya Mombasa. Mfalme wa mji akawapelekea kondoo, machungwa, malimau na miwa kwa wingi. Mambo baadaye yaliharibika, watu wa mji wakaogelea usiku kwenda kukata kamba za nanga, lakini mwandishi wa safari ile hakusahau kuandika neno la shukrani: wagonjwa wote walipona walipofika Mombasa. Sababu aliyoitoa ni hali nzuri ya hewa. Mtu aliyewahi kushinda Kibokoni mchana wa Februari atacheka kidogo. Machungwa yalikuwa mikononi mwao, nao wakaisifu hewa. Ilibidi kusubiri hadi mwaka 1747, James Lind alipowagawa mabaharia 12 wagonjwa wawili wawili na kuwapa dawa tofauti, ndipo wale waliokula machungwa na limau wakaonekana kupona upesi kuliko wenzao. Karibu miaka 250 ilipita kati ya zawadi ya mfalme wa Mombasa na jaribio lile.

Hapo ndipo linapoanza jibu la kweli. Kuona hakutoshi. Anatakiwa mtu akae, aulize, arudie kuuliza, na awe na mahali pa kupeleka maandishi yake.

Aliyekaribia zaidi katika pwani yetu alikuwa padri Mdominiko, João dos Santos. Alifika Msumbiji mwaka 1586, akakaa Sofala kwa miaka kadhaa, akapanda mto Zambezi hadi Tete, kisha akahudumu katika visiwa vya Kerimba. Kitabu chake kilichapishwa mjini Évora, Ureno, mwaka 1609. Wanahistoria wa Mombasa wanakijua kwa sababu moja: humo mna masimulizi ya mwaka 1589, mwaka wa balaa, ambapo mji ulijikuta kati ya merikebu za Wareno, kikosi cha Mturuki Mir Ali Bey, na Wazimba waliokuwa ng'ambo ya maji wakisubiri kuvuka. Lakini padri huyu alikuwa pia na jicho la viumbe. Aliandika juu ya nguva wa Sofala, na wavuvi waliomwinda kwa nyama yake. Na aliandika juu ya ndege mdogo aliyemwona akiingia kanisani na kudonoa mishumaa ya nta juu ya altare.

Ndege huyo ndiye anayeongoza watu kwenye mizinga ya nyuki. Dos Santos alieleza kisa chote: ndege akiona masega huenda kwa watu, hupiga kelele, huruka mti hadi mti huku wao wakimfuata, nao wakishapakua asali yeye hujipatia nta inayobaki. Maelezo hayo ni sahihi kwa kiasi cha kushangaza, na yalitangulia maelezo ya kisayansi ya Anders Sparrman wa Sweden, aliyoyapata Afrika Kusini, kwa zaidi ya miaka 160. Ni wazi kwamba padri hakuyapata kwa kuchungulia mishumaa tu. Lazima alielezwa na warina asali wa Sofala. Hao hawatajwi.

Dos Santos aliweza kwa sababu alikuwa kasisi wa mashambani, mtu wa kukaa na watu. Mombasa ya Wareno iliendeshwa kwa namna nyingine. Ngome ilijengwa kulinda njia ya meli za India. Nahodha wa ngome kwa kawaida alishika wadhifa kwa miaka mitatu, na miaka hiyo alikuwa akiihesabu kwa faida aliyoweza kuvuna: pembe za ndovu, ambari, nguo, ushuru. Askari walikuja na kuondoka, au walikuja na kufa. Watawa wa Kiagostino walikuwa na nyumba yao mjini, ila kazi yao ilikuwa kubatiza, na uhusiano wao na wenyeji uliishia pabaya tarehe 16 Agosti 1631, siku Yusuf bin Hasan, aliyelelewa nao Goa kwa jina la Dom Jerónimo, alipomuua nahodha wa ngome na kuurudisha mji mikononi mwake. Baada ya hapo nani angetoka nje ya kuta kwenda kukusanya majani Rabai?

Tazama walichokiandika. Mwaka 1635 António Bocarro na Pedro Barreto de Resende walikamilisha kitabu kikubwa cha ramani za ngome zote za Wareno mashariki, na Mombasa imo. Kitabu kama hicho kilitakiwa kumweleza mfalme habari za kuta, mizinga, askari na mapato. Ndani ya Ngome ya Yesu kwenyewe kuna michoro ya ukutani iliyochorwa na Wareno waliokuwa zamu bila la kufanya: merikebu, watu, samaki. Kwa mtazamo wa historia ya viumbe, samaki hao wa ukutani ni sehemu isiyo ndogo ya urithi waliotuachia.

Goa ilikuwa na hali tofauti, na tofauti yenyewe inaeleza mengi. Garcia de Orta alifika India mwaka 1534 na hakuondoka tena hadi kifo chake mwaka 1568. Alikuwa tabibu mwenye wagonjwa wakubwa, bustani yake, na marafiki waliokuwa matabibu wa Kiislamu na wa Kihindu. Kitabu chake cha dawa na viungo vya India, kilichotolewa Goa mwaka 1563, kimeandikwa kwa mtindo wa mazungumzo, na kinataja hata pembe na ambari zilizotoka pwani yetu, habari alizozipata kwa wafanyabiashara bila kuvuka bahari. Maana yake ni kwamba Goa, mji mkuu wa Wareno mashariki, ilifyonza habari, na Mombasa ilibaki kituo cha kuzipitisha. Kisha mji mkuu wenyewe ukajifunga mlango. Mahakama ya Kanisa ya kusaka wazushi ilianza kazi Goa mwaka 1560. Dada yake Orta, Catarina, alichomwa moto mwaka 1569 kwa kosa la kushika dini ya Kiyahudi, na mwaka 1580 mifupa ya Orta ikafukuliwa ikachomwa pia. Dola inayochoma mifupa ya mtaalamu wake haitarajiwi kumpeleka mwingine Mombasa.

Rumphius naye anafundisha jambo la kukaa. Mjerumani huyu aliyeajiriwa na kampuni ya Waholanzi aliishi Ambon kuanzia 1654 hadi alipofariki mwaka 1702. Alipofuka mwaka 1670. Mkewe na binti yake waliuawa na tetemeko la ardhi mwaka 1674, michoro yake ikaungua mwaka 1687, na mwaka 1692 meli iliyobeba nusu ya muswada wake ilizamishwa na Wafaransa. Kitabu kilianza kuchapishwa mwaka 1741, yeye akiwa kaburini kwa karibu miaka 40. Kampuni ilikuwa ya wanyonyaji, hilo halina ubishi, lakini ilimwacha mtu mmoja mahali pamoja kwa nusu karne, na nakala za kazi yake zikawekwa.

Kwa upande wetu, kinaya ni kwamba Wareno waliibadilisha mimea ya pwani kuliko mtaalamu yeyote aliyekuja baadaye. Mahindi, mihogo, mananasi, mipapai na mikorosho asili yake ni Amerika, na ilifika huku katika enzi ya merikebu zao. Mapinduzi hayo ya shambani na jikoni hayakuandikiwa daftari. Mpwani wa leo akila muhogo wa nazi anakula matokeo ya jaribio kubwa la kilimo lililofanywa na watu ambao hawakujua kwamba wanafanya jaribio.

Ngome ilipoanguka mwaka 1698 baada ya kuzingirwa karibu miaka mitatu, mlango ukawa kama umefungwa kwa Wazungu kwa muda mrefu. Ulifunguka tena kwa siasa. Wamazrui wa Mombasa, wakikataa kumtii Sayyid Said wa Oman, waliomba bendera ya Uingereza, na Februari 1824 nahodha William Owen, aliyekuwa akipima pwani kwa manowari mbili, Leven na Barracouta, akakubaliana na Liwali Sulaiman bin Ali al-Mazrui. Himaya hiyo ilidumu hadi 1826 tu. Mji wa Kale unaikumbuka kwa Leven House na ngazi zake zinazoteremka baharini, na bara inaikumbuka kwa Port Reitz, ghuba yenye jina la luteni aliyeachwa hapa kutawala akafa kwa homa mwaka huo huo.

Owen alikuwa na mtaalamu wa mimea aliyetumwa na chama cha bustani cha London, kijana John Forbes. Mombasa hakuiona: alifia Senna, kando ya Zambezi, Agosti 1823. Nafasi ikawaangukia Wenceslas Bojer wa Bohemia na mwenzake Carl Hilsenberg, waliokuwa wakifanya kazi Mauritius na Madagascar. Mwaka 1824 walipita pwani hii pamoja na msafara wa Owen, na Bojer akakusanya mimea Unguja, Pemba na Mombasa. Hilsenberg alikufa mwaka huo huo katika kisiwa cha Sainte-Marie, Madagascar, akiwa na miaka 22. Bojer alirudi Mauritius, akaishi hadi 1856, na mwaka 1837 akatoa orodha yake kubwa ya mimea.

Mmoja kati ya mimea aliyoipata mwambao huu ni ule utambaao, wenye ua la rangi ya chungwa na kitovu cheusi, Thunbergia alata, uliotangazwa London mwaka 1825. Umesambaa katika bustani za dunia nzima, na Australia na Hawaii unahesabiwa magugu. Huku nyumbani hupandwa uani na watu wanaodhani umetoka Ulaya.

Kwa hiyo Mombasa ilimpata mtaalamu wake wa kwanza halisi mwaka 1824, naye akapita. Kupita kukawa ndiyo tabia. Baada ya mmisionari Johann Ludwig Krapf kuhamia Mombasa mwaka 1844, na mwenzake Johannes Rebmann kuona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, Ulaya ilibishana kwa miaka kama kweli theluji inaweza kukaa karibu na ikweta. Ubishi huo ukageuza Mombasa kuwa kizingiti cha kuendea mlima. Karl Klaus von der Decken, tajiri wa Kijerumani, alitoka hapa mwaka 1861 na mwanajiolojia Mwingereza Richard Thornton. Mwaka 1862 akarudi na Otto Kersten, wakapanda hadi kiasi cha mita 4,280. Hondohondo mwenye jina la Decken yumo hadi leo katika nyika ya Tsavo. Decken mwenyewe aliuawa Bardera, kando ya mto Juba, mwaka 1865.

Maradhi yaliwachukua wengine. Thornton alikufa mwaka 1863 akiwa na miaka 25. Johann Maria Hildebrandt, mkusanyaji hodari kuliko wote waliopita hapa, alifariki Antananarivo mwaka 1881 akiwa na 34. Gustav Fischer, daktari aliyeacha jina lake kwa kulukulu wa pwani, alifariki mwaka 1886 hajafika 40. Mtu anapojua kwamba huenda hatamaliza mwaka, hatulii mahali pamoja kuchunguza. Anakusanya haraka, anafunga masanduku, anapeleka bandarini.

Tabia hiyo ya haraka ndiyo iliyotuletea tatizo la lebo.

Mmea uliokaushwa hubandikwa kwenye karatasi na pembeni huandikwa mahali, tarehe na jina la mkusanyaji. Mnyama aliyechunwa hufungiwa kikaratasi mguuni. Katika makumbusho ya Ulaya kuna karatasi nyingi zilizoandikwa “Mombasa” au “Mombassa”, na ukizisoma kwa uangalifu unagundua kwamba neno hilo lilibeba nchi nzima. Lilimaanisha kisiwa, au Rabai, au Ribe, au kilima fulani cha siku tatu kwa miguu, au bandari tu ambako sanduku lilipakiwa. Mwaka 1881 Albert Günther wa jumba la makumbusho la Uingereza alimtangaza sange mkubwa mwenye makalio ya rangi ya dhahabu, na mahali palipotajwa ni Mombasa. Anayetaka kumwona leo aende msitu wa Arabuko-Sokoke, Kilifi. Kisiwani atawaona kunguru.

Hildebrandt alikuwa makini kuliko wengi. Alifanya kazi Mombasa mwaka 1876, akaelekea mlima Kenya mwanzoni mwa 1877, akakomea Kitui. Ndege wawili wanaojulikana sana na wapenzi wa ndege wa Kenya, kuzi mmoja wa rangi ya samawati na kwale mmoja wa vilimani, walipewa jina lake na Jean Cabanis wa Berlin mwaka 1878. Kabla ya hapo, mwaka 1874, mtapo wa misitu ya pwani ulikwisha kuitwa Encephalartos hildebrandtii. Aliandika pia juu ya desturi za Wakamba na juu ya njia ya Mombasa hadi Kitui. Kazi ya namna hiyo haifanywi na mtu mmoja. Kuna aliyebeba karatasi za kukaushia, aliyepanda mti, aliyejua ndege hulala wapi, aliyejadiliana hongo njiani, aliyetafsiri Kikamba. Lebo ina nafasi ya jina moja.

Wapo wachache waliovuka mstari huo, kwa sababu wamisionari waliandika vitabu vyenye watu ndani yake. Charles New, Mmethodisti wa Ribe, alifika kwenye theluji ya Kilimanjaro Agosti 1871. Wengi wa wasindikizaji wake waliishia njiani kwa baridi, na aliyesimama naye kwenye theluji aliitwa Tofiki. Mimea aliyoichuma New katika tabaka mbalimbali za mlima ilipitia Unguja kwa balozi John Kirk, ikafika bustani ya mimea ya Kew, London, na Joseph Hooker akaiandikia makala. Ua moja la huko juu, Helichrysum newii, lina jina la New. Tofiki alifika juu ile ile, siku ile ile, na hakuna hata unyasi ulioitwa kwa jina lake.

Kiongozi wa misafara Sadi bin Ahedi ni kisa kingine, na chenye utata wa kupendeza. Ndiye aliyempa Thomas Wakefield, pia wa Ribe, maelezo ya njia za misafara kutoka pwani hadi ndani kabisa, kituo kwa kituo, yaliyochapishwa na chama cha jiografia cha London mwaka 1870. Makala hayo yanamtaja Sadi waziwazi. Alifuatana na New, na mwaka 1883 akafuatana na Joseph Thomson, aliyetoka Mombasa kuvuka Umasai. Thomson hakumpenda na aliandika hivyo bila haya. Inawezekana mzee alikuwa na hila zake. Wafanyabiashara wa misafara hawakuwa malaika. Lakini matokeo ya kisayansi yanachekesha: swala tomi anayeruka Maasai Mara amebeba jina la Thomson, aliyepita mara moja, na Sadi, aliyeijua njia kwa miaka mingi, amebaki katika maandishi kama mzee msumbufu.

Aliyekaa kweli alikuja mwaka 1880. William Ernest Taylor, mmisionari wa chama cha CMS cha Uingereza, aliishi Mombasa kwa miaka mingi, akavaa kanzu, akahubiri sokoni, akajua Kimvita, lahaja ya Mombasa, kwa kiwango ambacho Wazungu wachache waliwahi kukifikia. Alikuwa na kila kitu tulichokuwa tukikitafuta: muda, lugha, na mwalimu, yaani Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyemsaidia kukusanya na kueleza mashairi ya Muyaka bin Haji kabla yeye Sikujua hajafariki mwaka 1890. Na Taylor alikusanya mimea pia. Mwaka 1887 alichuma katika vilima vya Giriama na Shimba mmea mdogo wenye ua la zambarau. Kirk alikuwa ameupeleka mwingine wa aina hiyo Uingereza mwaka 1884. Sampuli hazikutosha, hakuna aliyezishughulikia. Miaka michache baadaye afisa Mjerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, akapeleka mbegu za ua la aina hiyo kutoka Usambara, na mwaka 1893 Hermann Wendland wa Hannover akaliita Saintpaulia. Leo linauzwa kwenye vyungu katika maduka ya maua ulimwenguni kote. Ndugu yake wa Kenya bado anashikilia maisha kwenye miamba ya chokaa ya Kaloleni.

Basi hata Mombasa ilipompata mtu wa kukaa, alichokitazama kwa makini ni maneno, na mimea ikawa kazi ya pembeni. Ni hasara? Kwa mashairi ya Muyaka, hapana kabisa. Lakini mtu hawezi kuacha kujiuliza Sikujua angesema nini kama angeulizwa juu ya kila mti uliomo ndani ya mashairi hayo.

Kumbukumbu zenyewe hazikusalimika zote. Usiku wa tarehe 1 Machi 1943 mabomu yalianguka juu ya hazina ya mimea ya Dahlem, Berlin, na sehemu kubwa ikateketea, pamoja na karatasi nyingi za Hildebrandt. Kilichookoka kiliokoka kwa sababu nakala zilikuwa zimegawiwa Kew na kwingineko. Kwa hiyo mtafiti wa Kenya anayetaka kujua mmea fulani ulikuwa ukiota Mombasa mwaka 1876 hutegemea kama kulikuwa na mtu aliyenunua nakala.

Na ndege wa asali wa padri dos Santos? Mwaka 1989 Hussein Isack wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, pamoja na Heinz-Ulrich Reyer, walichapisha katika jarida la Science matokeo ya utafiti wao kwa Waborana wa kaskazini mwa Kenya. Walipima madai ya warina asali moja baada ya jingine. Warina walipotafuta peke yao katika maeneo wasiyoyazoea walitumia wastani wa saa 8.9 kupata mzinga. Wakiongozwa na ndege, saa 3.2. Waborana walidai kwamba namna ndege anavyoruka na kulia huonyesha upande na umbali wa nyuki, na vipimo vikakubaliana nao. Karibu karne nne baada ya kitabu cha Évora, warina asali waliingia kwenye sayansi wakiwa watu wenye hoja ya kupimwa.

Pwani kumekuwa na mwendo kama huo. Tangu miaka ya 1980 Ann Robertson na Quentin Luke walizunguka kaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda, wakiorodhesha mimea, kazi iliyowezekana kwa ruhusa ya wazee, na iliyosaidia kaya kulindwa kisheria kuanzia 1992 na kuingia katika urithi wa dunia mwaka 2008. Mohamed Pakia na J. A. Cooke walichapisha mwaka 2003 utafiti wa matumizi ya mimea kwa Wamijikenda, na mwaka 2006 kikafuata kitabu kizima cha Pakia juu ya maarifa ya mimea ya Wadigo. Hapo mganga, mchonga mitumbwi na mama wa mboga za porini ndio wanaoulizwa kwanza.

Tangu mwaka 2006 Kenya ina kanuni zinazomtaka anayechukua rasilimali za kijenetiki apate kibali, akubaliane na wahusika, na wagawane faida. Ni kanuni nzuri, ila zinaangalia mbele. Karatasi za Bojer, za New na za Taylor zilishaondoka, na nyingi sasa zinaonekana kwenye intaneti kwa picha safi kiasi cha kuhesabu mishipa ya jani. Hakuna haja ya kudai zirudishwe zote. Karatasi kavu ya mwaka 1824 huenda iko salama zaidi mahali pakavu kuliko katika unyevu wa Mombasa. Kinachoweza kudaiwa ni kidogo na chepesi zaidi. Orodha hizo za mtandaoni zina safu ya mahali na safu ya mkusanyaji, na zote mbili hurekebishwa kila siku na wahifadhi wake. Palipoandikwa Mombasa na kumbe ni Rabai, panaweza kuandikwa Rabai. Na maandishi ya New na Wakefield yalikwisha kuchapishwa zaidi ya miaka 150 iliyopita: majina ya Tofiki na Sadi yamo humo, yanasubiri mtu wa kuyanakili.